Fabian Ware, Mtu Aliyeandika Majina ya Wafu

Kila mwaka mwezi wa Novemba unapoingia, Kanisa hutukumbusha wafu wetu. Tarehe 2 twawaombea marehemu wote, na tarehe 11 nchi nyingi huwakumbuka waliokufa vitani. Wengi wetu tumekwisha kuona makaburi ya askari, au walau picha zake: mawe yaliyopangwa safu kwa safu, yote ya kimo kimoja, na majani yamekatwa vizuri. Ni wachache wanaojiuliza nani aliyeyapanga hivyo. Zamani askari wa cheo kidogo akifa vitani alifukiwa katika shimo moja na wenzake, na jina lake likapotea. Jamaa zake hawakupewa hata habari ya mahali alipolala.

Mwezi huu tumeona vema kuwasimulia maisha ya mtu aliyeibadili desturi hiyo, Sir Fabian Ware. Twayasimulia kwa sababu mbili. Ya kwanza, alitenda jambo kubwa la huruma, na mamilioni ya watu wamefarijika kwalo. Ya pili, jambo hilo lilipofika kwetu Afrika ya Mashariki lilisimama njiani, na babu zetu wengi wakaachwa nje. Yatupasa kuyajua yote mawili.

UJANA WAKE

Fabian Ware alizaliwa tarehe 17 Juni 1869 huko Clifton, katika mji wa Bristol, magharibi ya Uingereza. Wazazi wake walikuwa wa jamii ya Wakristo waitwao Plymouth Brethren, watu wenye kushika dini kwa ukali na kujiepusha na anasa za dunia. Alifundishwa nyumbani, kisha akasoma London na Paris, akapata shahada ya Chuo Kikuu cha Paris mwaka 1894. Kwa miaka kumi hivi alikuwa mwalimu wa shule.

Mwaka 1901, vita vya Waingereza na Makaburu vilipokaribia kwisha, alikwenda Transvaal katika Afrika ya Kusini kufanya kazi ya elimu chini ya Lord Milner, akapanda hata akawa Mkurugenzi wa Elimu. Mwaka 1905 alirudi kwao kuwa mhariri wa gazeti la Morning Post, kazi aliyoishika mpaka 1911. Baadaye akaajiriwa na kampuni ya madini ya Rio Tinto.

Kwa hiyo hakuwa kasisi, wala mwanajeshi. Alikuwa mwalimu na mwandishi, mtu wa ofisi, tena mwenye kuamini kwa moyo wote ukubwa wa Dola ya Kiingereza. Hilo tuliweke akilini, maana imani hiyo ndiyo iliyomsukuma kutenda mema, na ndani yake ndimo ilimokuwa kasoro ya kazi yake.

MAGARI YA MSALABA MWEKUNDU

Vita Kuu vilipoanza Agosti 1914, Bwana Ware alikuwa na umri wa miaka 45. Alitaka kujiunga na jeshi, akaambiwa amekwisha kuwa mzee. Kwa msaada wa Lord Milner alipewa badala yake uongozi wa kikosi cha magari ya Msalaba Mwekundu huko Ufaransa, akawasili mwezi wa Septemba. Magari yenyewe yalikuwa ya watu binafsi, na madereva wake walikuwa wenye magari hayo au marafiki zao. Kazi yao ilikuwa kupita vijijini wakiwatafuta majeruhi na waliopotea, na kuwafikisha hospitali.

Walipokuwa wakizunguka waliona jambo lililowahuzunisha. Kila mahali yalikuwapo makaburi ya askari, kando ya barabara, katika mashamba ya ngano, nyuma ya nyumba za watu. Wenzao waliwazika upesi upesi na kusonga mbele. Alama ilikuwa kipande cha ubao kilichoandikwa kwa penseli, au chupa iliyotiwa karatasi yenye jina. Mvua ikinyesha siku mbili, maandishi yamefutika. Mizinga ikirudi kupiga mahali pale, hata ubao haupo.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, Bwana Ware alitembelea makaburi ya mji wa Béthune pamoja na daktari mmoja wa Msalaba Mwekundu. Wenyeji walikuwa wameyatunza kwa upendo, lakini hapakuwa na daftari lolote lililoandikwa nani amelala wapi. Daktari akashauri ziombwe fedha ili kila kaburi lipate alama isiyofutika. Bwana Ware alilishika neno lile asiliache tena mpaka kufa kwake. Aligundua kwamba katika jeshi lote hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kuandika majina ya waliozikwa.

Basi yeye na watu wake wakaianza kazi hiyo bila kuagizwa na mtu. Mwezi wa Machi 1915 jeshi likaikubali rasmi, naye akapewa cheo cha Meja. Ilipofika Oktoba 1915 walikuwa wamekwisha kuandikisha makaburi zaidi ya 31,000, na Mei 1916 yamefika 50,000. Wakati huo barua zilimiminika kutoka Uingereza. Mama anauliza mwanawe yuko wapi. Mjane anauliza kama mumewe alizikwa au aliachwa uwanjani. Ofisi ya Bwana Ware ilijibu barua hizo, na kila ilipowezekana ilituma picha ya kaburi pamoja na maelezo ya mahali lilipo. Kwa mzazi asiye na nauli ya kwenda Ufaransa, picha ile ndiyo ilikuwa matanga yake.

Yalifuata mambo mawili ya maana. Kwanza, tarehe 29 Desemba 1915 Ufaransa ilipitisha sheria ya kutoa ardhi ya makaburi bure na kwa milele. Pili, mwaka 1916 kilibadilishwa kibati cha shingoni alichovaa kila askari. Zamani kilikuwa kimoja, na mtu akifa kilichukuliwa kupelekwa ofisini, maiti ikabaki haina jina. Sasa vikawa viwili: chekundu cha mviringo kilichukuliwa, cha kijani chenye pembe nane kilibaki na marehemu kaburini. Jambo dogo, lakini maelfu waliofukuliwa baadaye ili wazikwe upya walitambuliwa kwa kile kidude cha kijani.

NENO GUMU

Mwezi wa Aprili 1915 aliuawa vitani kijana mmoja Mbunge, William Gladstone, mjukuu wa Waziri Mkuu wa zamani. Jamaa zake walikuwa watu wakubwa, wakapata ruhusa ya kumfukua na kumrudisha nyumbani kwa mazishi ya heshima. Bwana Ware alitafakari sana jambo hilo. Je, mtoto wa mkulima au wa mchimba makaa atarudishwa na nani? Yeye alishikilia kwamba kama wote hawawezi kurudishwa, basi asirudishwe hata mmoja. Waliopigana bega kwa bega walale bega kwa bega. Jeshi likapiga marufuku kufukua maiti na kuzisafirisha.

Tarehe 21 Mei 1917 Mfalme alitoa hati ya kuunda Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Kiingereza. Rais wake alikuwa Mwana wa Mfalme, lakini aliyeiendesha hasa alikuwa Bwana Ware, akiwa Makamu wa Mwenyekiti. Aliishika nafasi hiyo zaidi ya miaka thelathini.

Tume ilimwomba Sir Frederic Kenyon, mkuu wa makumbusho ya British Museum, atoe shauri la namna makaburi yatakavyokuwa. Taarifa yake ilitoka mwaka 1918, na shauri lake kwa kifupi lilikuwa hili: jiwe la namna moja kwa wote. Kimo chake sentimeta 81 na upana sentimeta 38. Juu yake iandikwe alama ya kikosi, namba, cheo, jina, tarehe ya kufa, na alama ya dini yake kama jamaa wapenda. Jemadari asipate jiwe kubwa kuliko mpishi wa kambi, wala mwana wa tajiri asijengewe mnara wa marumaru pembeni mwa mwana wa maskini. Hata askari waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa kosa la kukimbia vita walipewa jiwe lile lile, wakalazwa katika safu ile ile. Serikali yao iliwasamehe 306 kati yao mwaka 2006, lakini makaburini walikuwa wamekwisha kusamehewa miaka mingi kabla.

Jamaa waliruhusiwa kuchagua maneno yao wenyewe ya kuandikwa chini ya jiwe, yasizidi herufi 66. Hapo mwanzo waliombwa kulipia kila herufi, lakini malipo hayo baadaye yakawa ya hiari. Serikali ya Kanada iliamua kuwalipia watu wake. New Zealand ilikataa maneno hayo kabisa, ikisema wenye fedha wataandika na wasio nazo watabaki kimya.

Si watu wote waliofurahi. Mmoja wa waliopinga alikuwa Lady Florence Cecil, mke wa Askofu wa Exeter. Mama huyu alikuwa amepoteza wana watatu katika vita vile. Mwaka 1919 alipeleka kwa Mwana wa Mfalme ombi lililotiwa sahihi na watu zaidi ya 8,000, wengi wao akina mama waliofiwa. Waliomba angalau kaburi liwe na msalaba badala ya jiwe bapa. Mwana ni wa mamaye, serikali ilikuwa na haki gani ya kumnyima hata kuchagua alama ya kaburi lake? Sisi tunaosoma habari hii leo twaweza kumwelewa sana mama yule. Mtu akifa kwetu, jamaa ndio wenye maziko, na mgeni hawezi kuja kuwaamulia.

Neno hilo lilifika Bungeni tarehe 4 Mei 1920, likajadiliwa kwa uchungu pande zote. Barua ya Rudyard Kipling ilisomwa mle. Mwandishi huyo alikuwa mshauri wa Tume, naye mwanawe wa pekee, John, alipotea katika vita vya Loos mwaka 1915 bila maiti yake kuonekana. Aliwakumbusha wabunge kwamba wenye kaburi la kugombania wana bahati kuliko wasio na kaburi lolote. Shauri la Tume likapita. Tume nayo ilikubali kusimamisha msalaba mmoja mkubwa wa mawe karibu kila mahali penye makaburi mengi, uwasimamie wote.

Kwa wale wasiotambulika, Kipling alichagua maneno ya kuandikwa juu ya jiwe, ya kusema kwamba Mungu anamjua aliyelala pale. Na kwa wale ambao hata mifupa yao haikupatikana, Tume ilijenga minara na kuta za kuandikia majina. Lango la Menin huko Ubelgiji lilifunguliwa tarehe 24 Julai 1927, nalo lina majina zaidi ya 54,000. Mnara wa Thiepval huko Ufaransa ulifunguliwa tarehe 1 Agosti 1932, una majina zaidi ya 72,000. Watu wasiokuwa na kaburi walipewa ukuta, na jamaa zao wakapata mahali pa kuweka ua na kugusa jina kwa kidole.

ILIPOFIKA AFRIKA YA MASHARIKI

Sasa, wasomaji, tugeuze uso tutazame kwetu. Vita vile vile vilipiganwa hapa toka 1914 hadi 1918, Waingereza na Wabelgiji upande mmoja na Wajerumani upande wa pili, toka Taveta na Tanga mpaka Ruvuma na ng'ambo yake. Reli zilikuwa chache, malori hayakupita matopeni, na wanyama wa mizigo waliuawa na ndorobo. Jeshi lilitembea kwa miguu ya wapagazi. Waingereza peke yao waliwaandika watu wapatao milioni moja, wengi kwa nguvu, kubeba chakula, risasi na majeruhi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa na kwa njaa, wakiwa wamebeba chakula cha watu wengine. Upande wa Wajerumani nako wapagazi walikufa wengi, na walimu na makasisi wa misheni ya UMCA waliofungwa nao waliteswa, wengine wakabebeshwa mizigo.

Kanisa letu lina ushahidi katika habari hii. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliunda kikosi cha wapagazi wa kisiwani, akakiongoza mwenyewe akiwa na cheo cha Meja, akatembea nao kwa miguu. Aliyaona mambo kwa macho yake. Vita vilipokwisha hakunyamaza; mwaka 1920 aliandika kijitabu cha kuishtaki serikali yake mwenyewe kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi. Alifariki tarehe 2 Novemba 1924, Siku ya Marehemu Wote.

Je, wapagazi hao walipata jiwe la Bwana Ware? La, hawakupata. Wazungu waliokufa katika vita hivyo hivyo, katika pori hilo hilo, walitafutwa wakapewa mawe yenye majina. Kwa askari na wapagazi wa Kiafrika, isipokuwa wachache tu, Tume ilikubaliana na serikali za kikoloni kwamba yatosha kuweka sanamu za ukumbusho katika miji. Maafisa waliandika kwamba Mwafrika hana desturi ya kujali kaburi la mtu mmoja mmoja, na kwamba mawe kwa wapagazi yangekuwa kupoteza fedha za umma. Makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yakaachwa yarudi kuwa pori.

Na wala haikuwa kwamba majina hayakuwapo. Wapagazi walipewa namba, na wengi waliandikwa katika madaftari ili walipwe mishahara. Mishahara mingi ya waliokufa haikuwafikia wajane na watoto wao, na madaftari mengi yakapotea.

Sanamu zenyewe zipo mpaka leo. Dar es Salaam yupo yule Askari wa shaba, aliyesimamishwa mwaka 1927 mahali palipokuwapo sanamu ya Mjerumani von Wissmann, ameelekeza singe yake bandarini. Nairobi kuna sanamu ya watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ni kazi nzuri, iliyofanywa na mchongaji James Alexander Stevenson. Chini yake yapo maandishi ya Kiingereza, na ya Kiswahili kwa herufi za Kizungu na za Kiarabu, ya kuwasifu waliokufa. Maandishi ya Nairobi yanaahidi kwamba wana wao watalikumbuka jina lao. Lakini ukiizunguka sanamu hiyo pande zote, hulioni jina la mtu hata mmoja.

Jina lililobaki ni la kikosi tu, Carrier Corps, nalo limebaki kinywani mwa watu wenyewe. Mahali walipopiga kambi Dar es Salaam paliitwa Kariakoo, na Nairobi pakaitwa Kariokor. Kila siku maelfu hununua ndizi na vitambaa Kariakoo, wakilitaja jeshi la wafu bila kujua.

Fabian Ware alihusikaje? Si yeye aliyeandika maneno yale ya maafisa. Lakini alikuwa mkuu wa kazi yote, na maamuzi hayo ni ya Tume yake. Mtu yule yule aliyekataa mjukuu wa Waziri Mkuu kupata upendeleo alikubali mpagazi asipate hata alama. Usawa wake ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa na mpaka, naye aliuona mpaka ule kuwa jambo la kawaida. Hii ndiyo kasoro tuliyoitaja mwanzoni. Maana ni uongo kwamba sisi hatujali jina la marehemu. Twawapa wajukuu majina ya babu zao ili yasipotee. Mtu akifa ugenini, ukoo hauna raha mpaka ujue alipolala.

MIAKA YAKE YA MWISHO

Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, Sir Fabian alikuwa na miaka 70, akaitwa tena kusimamia uandikishaji wa makaburi. Mabomu yalipokuwa yakiangukia London mwaka 1940 alileta shauri jipya, kwamba raia waliouawa na mabomu, wanawake kwa watoto, nao waandikwe. Likakubaliwa mwaka 1941. Majina yao, karibu 67,000, yamo katika vitabu vilivyowekwa katika kanisa la Westminster Abbey.

Katika vita hivyo Waafrika wengi waliandikwa kwa majina. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail iliyokuwa ikiwachukua askari wa Afrika ya Mashariki kwenda Ceylon ilizamishwa na manowari ya Kijapani, wakafa watu zaidi ya 1,200. Askari wetu waliozama wameandikwa katika ukumbusho ulioko Nairobi, penye makaburi ya vita. Waliokufa Burma nao wana majina yao huko. Basi ikadhihirika kwamba lililosemwa haliwezekani mwaka 1922 liliwezekana kabisa, watu walipotaka.

Sir Fabian alistaafu mwaka 1948, akafariki tarehe 28 Aprili 1949. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la Utatu Mtakatifu, Amberley, katika jimbo la Gloucestershire. Kaburi lake lina jiwe la namna ile ile aliyowapatia askari. Tume yake iligeuzwa jina mwaka 1960 ikawa ya Jumuiya ya Madola, nayo hutunza kumbukumbu za watu wapatao milioni 1.7 duniani.

HESABU ILIYOFUNGULIWA UPYA

Kwa miaka mingi habari ya wapagazi ilijulikana na wataalamu wachache tu. Mwaka 2019 filamu moja ya televisheni iliyosimuliwa na Mbunge David Lammy iliitangaza Uingereza. Tume ikaunda kamati ya kujichunguza, na taarifa ikatoka Aprili 2021. Ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika, Wamisri na Wasomali, hawakukumbukwa sawasawa na wenzao. Ikakiri zaidi kwamba wengine wasiopungua 116,000, na labda kufikia 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika ya Mashariki na Misri. Tarehe 22 Aprili 2021 Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni.

Tangu hapo Tume imeanza kutafuta majina. Nchini Kenya yameonekana madaftari ya zamani yenye majina ya askari na wapagazi zaidi ya 3,000 ambao hawakupata kukumbukwa. Mwezi wa Januari 2025 mjini Cape Town ulifunguliwa ukumbusho wa wafanya kazi Weusi wa Afrika ya Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa katika Vita Kuu vile, kila mtu na nguzo yake ya mti yenye jina lake. Yamechelewa kwa miaka mia, wala wajane hawapo tena kuyaona. Lakini mjukuu aliyeinama kusoma jina la babu yake haoni kwamba ni bure.

LINALOTUPASA SISI

Tumeisimulia habari hii si kwa kuwalaumu Waingereza peke yao, halafu tukalale. Fabian Ware alianza na magari machache, penseli na daftari. Hakungoja amri. Alipoona kaburi lisilo na jina aliuliza jina, akaliandika. Nasi tujiulize: katika mtaa wetu, nani anaandika?

Nchi yetu wenyewe imejifunza jambo hili. Mashujaa wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wana makaburi yao yanayotunzwa huko Kaboya, na kila tarehe 25 Julai Taifa huwakumbuka mashujaa wake. Lakini serikali haiwezi kumjua kila mtu. Katika nyumba za Wakristo wetu wamo wazee ambao baba zao au babu zao walikwenda vita vya Keya, kama vilivyoitwa kwa jina la King's African Rifles, au walibeba mizigo. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Wazee hao wakifa, majina nayo yatakufa.

Kwa hiyo twawasihi. Waulizeni wazee wenu majina hayo, kijiji walikotoka, mwaka walioondoka, na habari yoyote iliyorudi nyumbani. Yaandikeni katika daftari la nyumba, nakala moja mlete kwa kasisi. Kama mna barua, medali au cheti cha zamani, msikitupe. Kwa vitu kama hivyo majina huweza kutambulika, na Tume yenyewe hupokea habari kutoka kwa jamaa. Nao wenye kazi ya kuandika daftari la mazishi la parokia waandike jina lote, umri na mahali pa kaburi, kwa maskini kama kwa tajiri, kwa mgeni kama kwa mwenyeji. Asiye na jamaa ndiye hasa wa kuandikwa vizuri, maana hana mwingine wa kumkumbuka.

Siku ya Marehemu Wote tutakaposoma majina kanisani, tutanyamaza kidogo baada ya jina la mwisho. Ukimya huo uwe wa wapagazi, wale waliolala kando ya njia toka Taveta mpaka Rufiji na kusini yake, ambao hatuna majina yao. Mungu anayajua. Roho zao, pamoja na roho ya mtumishi wake Fabian, zipumzike kwa amani.